Shairi la Mwani la Bi Ulfat

Mwalimu aliyenisomesha hesabu darasa la sita alikuwa mshairi, na mimi sikulijua hilo mpaka nilipokuwa mtu mzima. Wala si mimi peke yangu. Mtaa mzima wa Kiponda ulimjua Bi Ulfat Hasham kuwa ni mwalimu mstaafu, mjane asiye na mtoto, mtu wa kushona nguo zake mwenyewe na mkali kwa wanaotupa taka uchochoroni. Kwamba tangu usichana wake alikuwa akitunga mashairi kwa Kiurdu, hilo lilijulikana na watu wachache tu, na hao wachache walikuwa wakipungua, mpaka akabaki mmoja.

Wazee wake walikuwa Wakokni, Waislamu wa pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ambao nyumbani husema lugha yao na vitabu husoma vya Kiurdu. Baba yake, Fundi Hasham, alizaliwa hapa hapa Unguja, lakini ujanani alikwenda Bombei kufanya kazi katika karakana ya meli. Huko ndiko alikopata maradhi, kama alivyokuwa akisema mwenyewe huku akicheka. Siku za mapumziko, makuli wa bandarini na wafanyakazi wa viwanda vya nguo walikuwa wakikusanyika uwanjani, wamekaa chini kwenye vumbi, na washairi wakipanda jukwaani kuwasomea. Washairi hao walijiita taraqqi-pasand, wapenda maendeleo. Walikuwa wakisema kuwa shairi la Kiurdu limekaa mno katika bustani za mabwana, likisifu waridi na kuwalilia wapenzi wasiogeuka nyuma. Sasa lishuke. Liende kwa mwenye njaa, kwa mwanamke aliyefungiwa ndani, kwa mtu mwenye gunia begani. Wengine kati yao walitiwa jela kwa maneno hayo. Fundi Hasham alimwona kuli mmoja, mtu mzima, mikono myeusi kwa makaa ya mawe, akilia kama mtoto kwa sababu ya beti mbili, na tangu siku hiyo hakuwa na mazungumzo mengine.

Aliporudi Unguja alianzisha mushaira nyumbani kwake, yaani baraza la washairi kusomeana. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri walikuja makarani wa bandari, washoni, mafundi saa, muuza viungo mmoja kutoka Kidichi. Ulfat alikuwa akisikiliza nyuma ya pazia pamoja na mama yake, na akina baba wakisifu ubeti kwa kupiga magoti yao na kusema, "Wah! Wah! Rudia!" Alipofika miaka kumi na sita alisoma shairi lake la kwanza kutoka nyuma ya lile pazia. Lilikuwa la upweke na mbalamwezi. Waliokuwepo wakasifu kwa adabu. Wageni walipoondoka, baba yake alimwita.

"Naam, Abba."

"Umelia vizuri, mwanangu," Fundi Hasham akamwambia. "Lakini umejililia mwenyewe. Sasa katafute mtu mwengine wa kumlilia."

Bi Ulfat aliniambia kuwa neno lile lilimwongoza maisha yake yote, na kwamba siku hizi hajui kama baba yake alimpa zawadi au alimtwisha mzigo.

Baada ya Mapinduzi, na zaidi katika miaka iliyofuata, watu wa mushaira walianza kuondoka. Mmoja Dar es Salaam, mwengine Karachi, wengine Maskati na Uingereza. Fundi Hasham alikufa. Mume wa Ulfat, mtu mpole asiyependa mashairi, akafa naye bado kijana. Ndugu wa Karachi walimwita mara nyingi, wakamwambia kuwa huko Kiurdu kimejaa mabarabarani. Hakwenda. "Wale ninaowaandika wako hapa," akajibu.

Akawa mwalimu wa skuli. Mwanzoni mwa miaka ya tisini alipelekwa kusomesha Kiwengwa, na huko alikodi chumba katika nyumba ya mwanamke kijana aitwaye Sichana. Wakati huo kilimo cha mwani kilikuwa bado kigeni, na wanawake wa pwani yote walikuwa wamekiingia kwa matumaini. Maji yakikupwa, Sichana alikuwa akitoka na kamba zake na vigingi vyake, mtoto mgongoni, kwenda kufunga mwani. Siku zisizokuwa za skuli Ulfat alifuatana naye. Alimwona ameinama ndani ya maji ya magotini tangu jua linapochomoza mpaka bahari inaporudi kujaa. Aliona vidole vilivyokatikakatika, macho mekundu kwa chumvi na mng'aro wa jua, na lile gunia bichi la mwani linalobebwa kichwani mpaka mchangani huku maji yakimchuruzika mbebaji usoni.

"Mwalimu, wewe hutazama sana," Sichana alimwambia siku moja. "Unatazama nini?"

"Nnakutazama wewe."

"Mie nna nini cha kutazamwa?"

Huko ndiko lilikozaliwa shairi lake kubwa. Alilianza Kiwengwa, akahamishwa kurudi mjini, akaendelea nalo, akaliacha, akalirudia tena. Likawa naye hivyo mpaka alipostaafu. Lilianza na mwanamke ambaye bahari inaujua mgongo wake kabla ya kuujua uso wake. Likasimulia kamba, vigingi, mtoto anayelia mchangani, mnunuzi asiyewahi kulowa miguu. Na mwisho wake ulikuwa kama miisho ya washairi wa baba yake: alfajiri inapasuka nyekundu juu ya bahari, wanawake wote wanainuka kwa pamoja, migongo imenyooka, wanatembea kuelekea pwani na hakuna aliyewatangulia.

Msikilizaji wake alikuwa Wakil, fundi saa mstaafu wa Mkunazini, ambaye alianza kuja kwa Fundi Hasham akiwa kijana na ndiye peke yake aliyebakia. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Kila Alhamisi binti yake, Thuwaiba, alikuwa akimshika mkono mpaka Kiponda, akampandisha ngazi, kisha akakaa pembeni na kushona kofia kwa muda wa saa nzima huku wazee wawili wakisemeshana kwa lugha ambayo yeye hakufundishwa. Wakil alimfundisha Kurani, alimfundisha kuendesha gari, lakini Kiurdu alisema hakina kazi tena hapa, asimchoshe mtoto. Baadaye alijuta.

Siku shairi lilipokamilika, Wakil alilisikiliza lote. Mwishoni akapiga goti lake, mara moja tu.

"Ulfat," akasema, "baba yako angelia."

Bi Ulfat alitaka lichapwe. Ndugu wa Karachi walimpatia namba ya mhariri wa jarida moja dogo, akampelekea shairi kwa simu ya Thuwaiba, kurasa zilizopigwa picha. Muda mrefu ukapita. Akaamua kumpigia mwenyewe. Mhariri alikuwa mtu wa heshima. Alimsifu lugha yake, akamwambia ni safi kuliko wanayosema vijana wa kule. Kisha akasema kuwa mashairi ya aina hii yalikwisha na zama zake. Siku hizi watu wamechoka kuambiwa kutakucha. Tena, akauliza, hii nyasi ya baharini ni fumbo la nini? La mapenzi?

"Si fumbo," Bi Ulfat akamjibu. "Ni mwani."

"Naam, lakini una maana gani?"

Alijaribu kumweleza. Kwa Kiurdu hakukuwa na neno la shughuli ile. Ilibidi auzungukezunguke mwani kwa maneno mengi, na kadiri alivyoeleza ndivyo ulivyozidi kuonekana kitu cha ndotoni. Alipoikata simu, aliniambia, alihisi kama mtu aliyekwenda kutoa ushahidi, akasikilizwa vizuri, kisha akaulizwa jina la mchezo wake.

Alhamisi iliyofuata alimweleza Wakil.

"Wanaojua kusoma hawajui mwani," akasema. "Na wanaoujua mwani hawajui kusoma Kiurdu. Mimi nimemwandikia nani, Wakil Bhai, kaka yangu?"

Wakil alifikiri. "Geuza kwa Kiswahili," akasema. "Uwapelekee wenyewe. Washairi wetu walipanda majukwaa mbele ya makuli. Sisi tumekaa chumbani tunasomeana kama wagonjwa."

Mbele ya Kiurdu, Kiswahili chake cha shairi kilikuwa kikavu, na alilijua hilo. Hata hivyo alifanya kazi miezi kadhaa, na baada ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, Thuwaiba aliwachukua yeye na Wakil kwa gari mpaka Kiwengwa.

Hakuwa amefika huko kwa muda mrefu. Ile njia aliyokuwa akipita kwenda pwani ilikuwa imezibwa na ukuta wa hoteli, ikabidi wazunguke. Sichana aliwapokea uwani. Alikuwa mtu wa miaka sitini hivi, lakini alitembea ameinama kama anatafuta sindano chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Sichana. Mgongo umekuwaje?"

"Umekaa hivyo hivyo. Umekataa kunyooka."

Wanawake wanane wa mwani walikusanyika ukumbini. Bahari ya siku hizi imekuwa na joto, walisema, mwani unageuka mweupe na kukatika kwenye kamba, wengi wameshaacha. Mwanamke mmoja wa makamo aliuliza mradi wa Bi Ulfat unaitwaje. Alipojibiwa kuwa hakuna mradi, ni shairi, alitikisa kichwa kwa upole na kukaa vizuri kusikiliza.

Bi Ulfat akasoma. Alisoma amesimama, kama walivyosimama wale wa Bombei. Palipotajwa mtoto anayelia mchangani, mmoja alivuta ukaya wake wa kichwani na kujifuta macho. Wakil alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kichwa amekiinamisha, tayari kwa ile alfajiri. Alfajiri ikaja, wanawake wa shairi wakainuka, migongo ikanyooka, wakatembea mpaka pwani. Akamaliza.

Walimshukuru. Wakasema maneno ni mazuri na Mwalimu ana moyo. Kisha wakakaa wakisubiri kinachofuata, na hakukuwa na kinachofuata.

Yule wa makamo ndiye aliyesema. "Sasa Bi, haya tunayajua. Ndiyo maisha yetu. Ulikuja kutwambia nini?"

Bi Ulfat alianza kukunja karatasi zake. Sichana, labda kwa kutaka kumsitiri, akauliza swali jengine.

"Yule wa mwanzo, mwenye mtoto, ndiye mie?"

"Ndiye wewe."

"Na yule wa mwisho?"

"Ni wewe pia."

Sichana alitazama mikono yake. "Mbona umeniinua, Mwalimu? Mie sikuinuka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerekebisha jina lake lililotajwa vibaya. "Siku zote hizo sikuinuka hata mara moja. Na hawa wenzangu wapo, waulize. Hakuna aliyeinuka."

Walikula muhogo wa nazi na samaki, wakaagana. Ndani ya gari Wakil alikuwa akisema hili na lile, kwamba hadhara ya mara ya kwanza huwa ngumu, kwamba tafsiri inaweza kutengenezwa. Bi Ulfat alitazama nje mpaka walipofika mjini.

Alhamisi iliyofuata Wakil alipokuja alimkuta ameshalikata lile fungu la mwisho. Shairi sasa lilikwisha mwanamke akiwa bado ameinama na maji yanajaa.

"Hilo si shairi letu tena," Wakil akasema. "Hicho ni kilio tu. Hata paka hulia."

"Mwisho sikuukata mimi. Kaukata Sichana."

"Sichana hajui mambo ya ushairi."

"Anaujua mgongo wake."

Wakil alipandisha sauti. Thuwaiba, ambaye hakuelewa walilokuwa wakisema, aliweka kofia yake chini. "Sisi tuliahidi," Wakil akasema. "Baba yako, mimi, wale wote waliotiwa jela. Tuliwaahidi watu kuwa kutakucha. Ukiliondoa hilo, tumekaa hapa miaka yote hii tukifanya nini?"

"Hakukucha, Wakil Bhai." Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Wewe umeona kumekucha wapi? Walioahidiwa wameshakufa, na watoto wao wameinama pale pale. Mimi nilimwandikia mtu uongo kuhusu mwili wake mwenyewe, kisha nikenda kumsomea mbele ya watu."

Wakil aliinuka, akanyosha mkono hewani kumtafuta binti yake. "Thuwaiba, twende zetu." Hakumaliza kahawa yake, na hakuaga.

Alhamisi ya pili hakuja. Bi Ulfat alidhani ni ghadhabu, akaamua kumwacha apoe. Jumamosi Thuwaiba alipiga simu: baba yake amepata kiharusi akiwa anatia udhu, yuko hospitali, upande wa kulia umekufa na hasemi.

Wakil alipotolewa hospitali, Bi Ulfat alikwenda kumtazama kila siku, Mkunazini, asubuhi mpaka adhuhuri. Wakil alikuwa amelala, mdomo umekwenda upande, na sauti iliyomtoka ilikuwa moja tu, isiyokuwa neno la lugha yoyote. Bi Ulfat alimwomba radhi kwa Kiurdu. Alimwomba tena na tena. Hakujua kama imefika. Siku moja akamsomea shairi la mwani, na alipofika mwisho aliirudisha ile alfajiri nyekundu. Akawainua wanawake wote, akawanyosha migongo, akawatembeza mpaka pwani, na yeye mwenyewe haamini neno hata moja. Machozi yalimtoka Wakil jicho la kulia.

"Amesikia!" Bi Ulfat akasema. "Thuwaiba, mwanangu, njoo umwone, amesikia!"

Thuwaiba alikuja, akamfuta baba yake kwa kitambaa. "Bi Ulfat, jicho hilo linatoka maji lenyewe. Tangu siku ya kiharusi. Daktari alitwambia."

Wakil alikufa kabla ya mwezi kwisha. Wanaume walimchukua makaburini Mwanakwerekwe, wanawake walibaki nyumbani na misahafu. Watu walimsifu. Walisema alikuwa fundi mwaminifu, na kwamba saa ya ukutani ya msikiti wao ilikuwa haikosei kwa ajili yake. Bi Ulfat alikaa kwenye busati kati ya wanawake wale na kungoja kama atatokea mtu kusema kuwa marehemu alikuwa pia msikilizaji wa mashairi. Halafu akatambua kuwa mtu huyo angekuwa ni yeye, naye hakusema. Angeanzia wapi?

Vitabu vya Wakil vilijaa masanduku mawili. Thuwaiba alivipeleka madrasa. Ustadhi akachagua vya dini, vingine akavirudisha. Thuwaiba akavileta Kiponda. Bi Ulfat alimwonyesha kabati la Fundi Hasham, ambalo mvua za masika mawili zimelivujia na mchwa wamemaliza kazi. Kurasa zilikuwa zimegandana kama matofali.

"Mie sina pa kuviweka," akasema. "Waulize jamaa wa Karachi." Jamaa wa Karachi walisema usafirishaji ni taabu.

Tangu hapo Bi Ulfat hajaandika. Hakuchana kitu wala kuapa; kazi tu imekatika. Nilipomtembelea mara ya mwisho aliniambia kuwa Kiurdu chenyewe kinaanza kumtoka. Anatafuta jina la kitu cha jikoni, halipati, na hakuna wa kumuuliza. Aliwahi kuzungumza kwa simu na mjukuu wa binamu yake, yule kijana akacheka, akamwambia, "Bibi, unasema kama filamu za zamani." Bi Ulfat hakumpigia tena. Nilimuuliza kuhusu Sichana. Akasema walizungumza Idi, kwa muda mfupi. Mgongo umezidi, na ameacha kwenda pwani. Hakuna kati yao aliyelitaja shairi.

Thuwaiba bado huja Alhamisi, kwa mazoea, au kwa sababu hana kwengine pa kumkumbukia baba yake. Huleta mkate wa kumimina, hushona kofia, huzungumza habari za mtaa. Juzi, aliniambia mwenyewe, alimwomba Bi Ulfat amsomee ubeti wowote ambao baba yake alikuwa akiupenda.

Bi Ulfat aliweka kikombe chake chini. Kisha akausoma, mistari miwili, na Thuwaiba akajikuta analia hata kabla haujesha, kwa kuwa aliusikia kwa sauti ya baba yake.

"Ubeti unasemaje?" akauliza.

"Unasema watu wataamka."

"Lini?"

"Hausemi."

Thuwaiba alingoja labda kuna zaidi. Bi Ulfat alikuwa ameshageukia dirishani, kule chini wageni wa hoteli walikokuwa wakipiga picha mlango wa jirani. Adhana ya magharibi ilikuwa imekaribia na mtoto wa Thuwaiba alikuwa chuo cha Kurani akisubiri kuchukuliwa. Aliosha vikombe, akavipanga, akajifunga buibui lake, akashuka ngazi.